Kamba za Ukutani

Kengele alinijia ofisini wakati wa chakula cha mchana. Hakunisalimu vizuri, alitandaza picha tatu mezani kwangu kama mtu anayegawa karata.

"Nataka kamba," alisema.

"Duka la vifaa liko ng'ambo ya barabara."

"Nataka zako wewe. Za kwenye kompyuta."

Ndivyo alivyo. Jina la Kengele alilipata utotoni kwa sababu ya sauti yake, na mpaka leo akinong'ona chumba hiki, mtu wa chumba cha pili anaitika. Mama yake ndiye aliyeanzisha kikundi cha maigizo ambacho wazazi wangu walikitumikia nusu ya maisha yao. Sisi wawili tulikulia nyuma ya jukwaa, tukisinzia juu ya mapazia yaliyochakaa huku wakubwa wakirudia maneno yaleyale mpaka na sisi tukayajua. Mama yake alipofariki, Kengele alirithi kikundi chenyewe, masanduku ya maleba, na watu wote waliokuwa wamenuniana.

Picha zilikuwa za mchezo wa kisima. Nyumba mbili, ua mmoja, kisima kimoja katikati, na ugomvi usiokwisha wa nani ateke maji kwanza. Juu ya ua zilipita kamba za kuanikia nguo, kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule, na katikati ulishuka mnyororo wa kisima na ndoo yake. Picha zilikuwa zimefifia, nyuso hazisomeki tena, lakini kamba zilionekana vizuri.

"Ukumbi unabomolewa mwakani, wajenge mpya," Kengele alisema. "Nataka tuuage kwa mchezo huu. Tatizo ni boriti za dari. Mchwa wamezila. Wenye ukumbi wamesema hata koti lisitundikwe juu. Kwa hiyo kamba zote na mnyororo vitakuwa ukutani, kwa projekta. Ila sitaki picha ya kamba, umenielewa? Nataka kamba inayoning'inia. Mtu akipita, iyumbe. Nguo ikianikwa, ilemewe."

"Wiki moja," nilimwambia, kwa kujiamini kwa mtu ambaye hajawahi kuchora kamba.

Kazi yangu ni kuandika programu za michezo ya watoto, ile ya kujifunzia kuhesabu. Nimeshachora sungura, garimoshi na mvua. Mama huwaambia majirani kwamba mwanawe wa mwisho anaandika kodi, yaani “code” za kompyuta, nao hudhani nakusanya kodi za nyumba; ndiyo maana baadhi yao hunisalimu kwa heshima yenye wasiwasi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mvivu. Nilichukua kipande cha duara, nikakining'iniza kati ya misumari miwili, nikakipaka rangi ya katani, nikamtumia Kengele. Alipiga simu papo hapo.

"Hili ni tabasamu."

"Ni kamba."

"Ni tabasamu la mtu aliyeshiba. Kamba haifurahi hivyo."

Nikatazama tena, nikaona amesema kweli. Nilifungua vitabu. Kamba iliyoshikwa ncha mbili ina mkunjo wake yenyewe, ambao si kipande cha duara, na hesabu ya mkunjo huo wataalamu waliimaliza zamani. Niliiandika. Safari hii kamba ilikaa ukutani kama iliyozaliwa hapo. Nilimtumia tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Kengele alinyamaza.

"Nzuri," alisema hatimaye. "Sasa iyumbe."

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Hesabu ile inaijua kamba iliyotulia tu. Ukiipuliza, haina habari.

Jumamosi nilibeba kompyuta yangu nikaenda kwa wazazi. Nyumba yao ni vyumba viwili na jiko, na jikoni kuna meza ndefu ambayo Mama aliitumia kukatia vitambaa. Imejaa mikwaruzo ya mkasi. Popote nilipowahi kufanya kazi, hakuna meza inayonituliza akili kama ile.

Baba ndiye aliyekuwa akivuta kamba zenyewe. Mchana alifunga magunia kwenye kinu cha unga; jioni alioga, akabadili shati, akaenda ukumbini kupandisha na kushusha kila kilichoning'inia. Watu wa kikundi walimwita Pazia, na wengine nadhani hawakuwahi kujua jina lake jingine. Mama alishona maleba, na mchezo ukianza alikaa upande wa pili wa jukwaa, kwenye kigoda, na maandishi ya mchezo mapajani, ili mwigizaji akisahau maneno amnong'oneze. Kwa hiyo walifanya kazi pamoja miaka yote hiyo, jukwaa likiwa katikati yao.

Mimi nilikuwa nakaa kwa Baba, kwa sababu kwa Mama kulikuwa na masharti. Nakumbuka harufu ya katani na vumbi, na kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, lililolia kila kamba ilipopita mpaka mtu apande ngazi kulitia mafuta. Nakumbuka viganja vya Baba. Alipokuja kunibeba baada ya mchezo, vilikuwa na joto kama mkate.

Basi, siku ile jikoni, nilianza upya. Njia niliyoifuata ni hii. Unaisahau kamba kabisa. Unaweka nukta tu, moja baada ya nyingine, kama shanga. Kila nukta inajua mambo mawili: ilipo sasa, na ilipokuwa kitambo kidogo kilichopita. Kwa hayo mawili inajua ilikuwa inaelekea wapi, nayo inaendelea huko huko, na uzito unaivuta chini kidogo. Kisha unapita kwa kila nukta na jirani yake na kuwauliza: mmeachana sana? Sogeleaneni. Mmebanana? Pisheni. Tabu ni kwamba ukiwasogeza hawa, unawavuruga wale wa pembeni, kwa hiyo lazima urudie, na urudie tena, mpaka wote wakubaliane nusu nusu, kama kikao cha ukoo. Ukimaliza unachora mstari kupita kwenye nukta zote, halafu unaanza tena, upesi kuliko jicho.

Nilibonyeza. Kamba ilitetemeka, ikavimba, ikaruka vipande vipande nje ya skrini.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na birika mkononi. "Imepandwa na pepo?"

"Nimekosea alama. Walioachana nimewaambia waachane zaidi."

"Hao wapo wengi," alisema, akamimina chai.

Baba aliinamia skrini. "Hebu rudia," alisema. Nilirudia, kamba ikaruka tena. Alicheka kidogo. "Hiyo naifahamu. Ikikatika ikiwa imebeba mzigo, ndivyo inavyofanya." Kisha alichukua kikombe chake, akatoka kwenda kukaa nje.

Nilirekebisha alama. Safari hii kamba ilianguka kama kitu kilichoachiliwa, misumari ikaidaka, ikayumba huku na huku, kila mara kidogo zaidi, mpaka ikatulia taratibu kama mgeni anayekaa kitini baada ya safari ndefu. Mama aliweka birika chini.

"Rudia."

Nilirudia.

"Tena."

Nilirudia mara nyingi, si kwa ajili yake peke yake. Halafu nilimwomba mkufu wake wa shingoni. Aliuvua bila kuuliza. Niliushika ncha mbili mbele ya skrini, nikafumba jicho moja, nikaulinganisha. Mkufu na kamba yangu vilishuka pamoja na kupanda pamoja. Nikajihisi kama niliyeotea jibu la mtihani.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo vitabu havikuweza kuniambia. Kwenye zile picha, kamba za nguo zilikuwa zimelegea kiasi fulani, nami sikujua ni kiasi gani, na kama zililegea sawa. Nilimfuata Baba nje. Alikuwa amekaa kwenye benchi, ameegemea ukuta.

"Baba, zile kamba za nguo kwenye mchezo wa kisima. Zilining'inia vipi?"

Alizungusha kikombe chake mkononi.

"Sijui," alisema.

"Si wewe ndiye uliyekuwa unazishusha?"

"Nilizishusha. Sikuzitazama. Mtu anayevuta kamba, mwanangu, hatazami kamba."

"Sasa ulikuwa unatazama nini?"

"Mama yako."

Mama alikuwa mlangoni. "Usimdanganye mtoto," alisema. "Alikuwa anatazama kitambaa changu. Mimi ndiye niliyekuwa nampa ishara. Nikiinua kitambaa, anashusha. Nikikiweka, anasimama. Angemtazama mtu, ndoo ingemwangukia mwenzie kichwani."

"Kitambaa kilikuwa mkononi mwa nani?" Baba aliuliza.

"Na ile siku uliyofunga pazia kabla ya wakati?"

"Ile siku ulicheka."

"Nilipenga kamasi," Mama aliniambia mimi. "Nilikuwa na mafua. Nikainua kitambaa nipenge, huyu akafunga pazia, watu wamebaki midomo wazi, harusi ya jukwaani bado haijafungwa."

"Ulicheka," Baba alisema, bila haraka. "Kwanza ulipenga, halafu ukaona nilichofanya, ukacheka. Nakumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyoamua kwenda kwenu kuposa."

Mama alirudi ndani kama mtu aliyesikia chungu kikifurika. Hakukuwa na chungu motoni. Mimi nilibaki na swali langu la kamba, nikaona nitaamua mwenyewe. Nililegeza moja, nikaikaza nyingine, nikaitundikia ya tatu shuka bichi katikati mpaka ikavunjika umbo na kuwa kama paa lililogeuzwa.

Mnyororo ulinichukua siku nyingi zaidi ya kamba. Kamba huvumilia, ikinyooka kidogo kupita kiasi hakuna anayeona. Mnyororo ukinyooka, kila mtu anaona, kwa sababu chuma hakinyooki. Ilibidi kile kikao cha ukoo kirudiwe mara nyingi zaidi kwa kila picha, mpaka kompyuta ikaanza kupumua kwa sauti. Kisha kulikuwa na pete zenyewe. Nilizichora zote zikitazama mbele, zikaonekana kama biskuti. Nikakumbuka kwamba pete moja ikitazama mbele, inayofuata hutazama ubavu. Nilichora moja kama yai, inayofuata kama kijiti kinene, kisha yai tena, nikatia mwanga kidogo upande wa juu na kutu upande wa chini. Kengele alipouona mnyororo unashuka na ndoo inapigapiga, alinyoosha mkono kuudaka.

"Nani atakuwa anauvuta?" aliuliza.

Hilo nilikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimeifanya programu ili ncha ya mnyororo ifuate mkono wa mtu. Mwigizaji anazungusha mpini wa mbao jukwaani, mpini mtupu usioshikana na kitu, na mtu wa pembeni anapandisha ndoo kwa wakati mmoja naye. Nani mwingine?

"Sitaki," Baba alisema nilipomwambia.

"Njoo uone tu."

"Kuona nitakuja."

Hakuwa ameingia ukumbini tangu bega lilipomshinda. Siku ya mazoezi alivaa shati lake la kijani, akatangulia mbele yangu kwenye ule mlango wa pembeni. Ndani palikuwa pamepungua. Mapazia yalikuwa yameshushwa, juu boriti zilikuwa wazi, zenye matundu na unga unga wa mchwa. Makapi yalikuwa yametupwa ndani ya sanduku karibu na mlango. Baba aliinama, akachukua moja, akalizungusha gurudumu lake kwa kidole. Lililia kama zamani. Alilirudisha sandukuni taratibu, akapangusa mikono.

Waigizaji walimzunguka. Wengi walikuwa wapya, lakini Shangazi alikuwepo. Si shangazi yangu wa damu. Ndivyo kila mtoto wa pale alivyomwita. Katika mchezo wa kisima yeye ni bibi wa nyumba ya kushoto. Zamani alipoucheza alivalishwa nywele za sufi nyeupe. Sasa hakuzihitaji.

"Pazia," alisema, "umenenepa."

"Na wewe hatimaye umefikia umri wa kazi yako," Baba alimjibu.

Nilimweka kwenye meza yangu pembeni, nikampa kipanya.

"Hiki ndicho kipanya? Mkia wake uko wapi?"

"Vya siku hizi havina."

Nilizima taa, nikawasha projekta. Ukuta mzima ulijaa ua: kamba tatu za nguo zikipepea kidogo, na mnyororo katikati umetulia juu ya kisima cha mbao. Watu waliguna. Shangazi alishika mpini, akaanza kuzungusha, na Baba akavuta.

Alivuta kama alivyozoea, kwa bega na mgongo. Kipanya kiliruka mezani, na ukutani ndoo ilipaa kama ndege, mnyororo ukapinda, ukachapa hewa kama mjeledi. Waigizaji walicheka, si kwa ubaya. Alijaribu tena kwa vidole tu. Sasa ndoo ilichelewa. Shangazi alimaliza kuzungusha na bado ilikuwa kisimani.

"Hakina uzito," Baba alisema.

"Naweza kuifanya ndoo iwe nzito." Nilibadilisha namba, ndoo ikawa inasita kabla ya kuondoka na kupitiliza kabla ya kusimama, kama ndoo yenye maji kweli. Alijaribu mara ya tatu. Ilikwenda vizuri. Mtu mwingine angeridhika.

Baba aliweka kipanya chini. "Umefanya kazi safi. Nakwambia kweli, sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini zamani nilikuwa najua ndoo imefika wapi nikiwa nimefumba macho. Mzigo ulikuwa unaniambia. Hapa lazima nitazame. Vuta wewe."

Aliaga mmoja mmoja, akaelekea mlangoni. Kengele alininong'oneza: "Mzee amekasirika?"

"Sijakasirika," Baba alijibu kutoka mlangoni.

Nilimfuata. Tulitembea hadi kwao kwa miguu, tukipita kwenye maduka ya vitambaa na kwenye kile kinu cha unga ambacho sasa ni ghala. Nilijiona kama mtu aliyemnyang'anya baba yake kiti, kisha akamwita aje kukiona.

"Unadhani nimeumia," alisema.

"Ndiyo."

"Kidogo." Tulitembea. "Unajua, nilipokuwa naziona zile kamba zako zinayumba, nilidhani nimekumbuka kamba. Baadaye nikaona hapana, sikumbuki kamba. Ninachokumbuka ni mabega. Nilikuwa na mabega, wewe mtoto. Niliweza kushusha nyumba nzima ya mchezo na kuipandisha, halafu nikakubeba hadi nyumbani umelala."

"Nilikuwa naigiza usingizi."

"Nilijua. Mtoto aliyelala huwa mzito zaidi."

Jikoni, Mama alitusikiliza mpaka mwisho huku akitoa nyuzi kwenye pindo la sketi ya Shangazi. Kikundi kilikuwa kimemletea maleba yote ayapanue, naye alikuwa akilalamika kwa furaha wiki nzima.

"Na mimi Kengele amenifuata," alisema. "Anataka nikanong'oneze. Nimemwambia macho yangu hayasomi tena gizani. Basi tukakae mbele."

"Mbele wapi?" Baba aliuliza.

"Kwenye viti. Wanakokaa watu."

"Kuna nini huko?"

"Sijui," Mama alisema. "Sijawahi kukaa."

Walitazamana. Nami niliyekuwa nimeketi katikati yao ndipo nilipolielewa jambo ambalo halijawahi kunipitia kichwani: katika michezo yote ile, hakuna hata mmoja ambao wazazi wangu waliwahi kuuona kwa mbele. Baba alijua visogo na mabega ya kushoto. Mama alijua ya kulia. Miguu ya waigizaji waliijua wote. Lakini picha yenyewe, ile iliyowafanya watu wavuke mji jioni na watoto mgongoni, ilikuwa imefanywa mbele ya pua zao na hawakuwahi kuikuta.

Jioni ya kwanza ya mchezo ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye njia. Mimi nilikaa na kompyuta yangu pale pale kilipokuwa kigoda cha Mama, na kutoka hapo niliwaona wazazi wangu kwenye mstari wa tatu. Baba alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa kwa daktari. Mama alikuwa na mkoba mapajani na hakuuweka chini.

Ua ulipowaka ukutani, watu wa umri fulani walivuta pumzi kwa pamoja. Nilisikia mwanamume nyuma akimwambia mtoto, "Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo hasa." Haikuwa hivyo hasa, mimi ndiye niliyeamua ulegevu wa zile kamba kwa kubahatisha. Lakini sikuwa na moyo wa kujibishana naye hata kimoyomoyo. Waigizaji walipopita, niliitikisa kamba. Shuka lilipotundikwa, kamba ilikubali mzigo. Ndoo ilishuka na kupanda, na mara moja tu nilichelewa, nadhani ni mimi peke yangu niliyeona.

Halafu, katika ule ugomvi mkubwa, pale bibi anaposimama kati ya nyumba mbili na kuwanyamazisha wote, Shangazi alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alisimama. Kamba zilikuwa zinayumba nyuma yake na hakuna kingine kilichosogea. Mwigizaji kijana aliyekuwa karibu naye alimtazama kwa hofu. Mimi niliyajua maneno yale tangu nikiwa na meno ya maziwa, lakini kabla sijafungua mdomo, mtu alinitangulia.

"Maji hayana ukoo," Mama alinong'ona.

Alinong'ona kwa mazoea, kutoka mstari wa tatu, kwa ile sauti yake iliyofunzwa kuvuka jukwaa, na ukumbi mzima ulimsikia. Kisha watu walicheka, wakapiga makofi, na Mama akajifunika uso kwa mkoba. Shangazi alingoja makofi yaishe, akamwinamia kidogo, na akasema, "Maji hayana ukoo," kana kwamba ndiyo kwanza yamemjia, akaendelea mpaka mwisho bila kujikwaa.

Mchezo unaishia kwa bibi yule amekaa peke yake ukingoni mwa kisima, ndoo mapajani, nyumba zote mbili zimeshafunga milango. Hasemi neno. Anatazama ndani ya ndoo, mabega yanaanza kutikisika, na zamani ndipo pazia lilipofungwa. Safari hii pazia halikuwepo, kwa hiyo nilipunguza mwanga wa ukutani kidogo kidogo, kamba moja ikapotea, ya pili, ya tatu, mwisho mnyororo.

Taa zilipowaka nilimtafuta Baba. Watu walikuwa wamesimama wakipiga makofi, yeye alikuwa bado amekaa. Nilidhani ameugua. Nilipita katikati ya watu hadi kwao.

"Anacheka," aliniambia.

"Nani?"

"Bibi. Pale mwisho. Anacheka."

"Ndiyo, Baba. Anaona uso wake kwenye maji, anacheka."

"Mimi nilikuwa namwona mgongo tu. Mabega yanatikisika. Miaka yote nilijua analia." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilikuwa nafunga pazia polepole kwa kumhurumia."

Shangazi, aliyekuwa ameshuka jukwaani na sketi yake iliyopanuliwa, alimsikia. "Na mimi nilikuwa nakaa pale nacheka mpaka mbavu zinauma," alisema, "najiuliza huyu Pazia amelala au vipi. Wenzangu wanasema, pazia polepole namna hiyo ndilo linalowaliza watu. Nikasema basi, ngoja niendelee kucheka."

Mama alikuwa akicheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja. "Mimi upande wangu niliuona uso wake," alisema. "Nilijua anacheka. Sikujua kama wewe hujui. Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza nini? Mtu akilia unauliza?"

Walirudi jioni ya pili. Na ya tatu Baba alitaka wakae upande wa kushoto, kisha mapumzikoni akahamia kulia, akimwambia Mama kwamba kisima kinaonekana vizuri zaidi. Shangazi hakusahau tena maneno, ingawa watu waliokuwa wamesikia habari za siku ya kwanza walikuja wakitumaini atasahau, na nilimwona Mama akisogeza midomo kila alipofika pale.

Ukumbi umebomolewa. Kengele anatumia darasa la shule moja kwa mazoezi, na majirani wa shule wameshalalamika juu ya sauti yake. Ameniomba nimchoree mvua kwa mchezo mwingine, na mvua ni rahisi. Baba hukaa kwenye benchi lake nje na kuwasimulia wapita njia mchezo wa kisima, tangu mwanzo, kama mtu aliyeuona juzi kwa mara ya kwanza. Huukosea katikati, anachanganya nyumba ya kushoto na ya kulia, na Mama humsahihisha kutoka dirishani. Lakini mwisho anaupatia. Akifika hapo huinama, hushika ndoo isiyokuwepo, na mabega yake makubwa huanza kutikisika, na msikilizaji lazima asogee mbele amtazame usoni ndipo ajue.